Kambi ya macho ikifungwa, nani anabaki na mgonjwa?

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa macho. Mara tatu nimesafiri nje ya nchi yangu na timu za kujitolea, kwenda kusaidia upasuaji wa mtoto wa jicho mahali ambapo daktari wa macho hafiki. Nazipenda kambi hizo. Asubuhi bendeji inapofunguliwa, wengi huanza kwa kutazama mikono yao wenyewe, wakiigeuzageuza, kisha ndipo humtafuta aliyewaleta.

Safari moja tulipasua siku tano, ya sita tukapanda gari. Idadi ya waliopasuliwa ikatangazwa kwa fahari. Siku chache baadaye mhudumu wa zahanati ya pale akanipigia simu: jicho la mzee mmoja limekuwa jekundu, linamuuma, halioni tena. Tulikuwa tumewaachia chupa za matone, lakini hatukuacha mtu aliyefundishwa kulikagua jicho. Vijidudu vikiingia ndani ya jicho lililopasuliwa, kuchelewa kwa saa chache tu kunaweza kulipofusha, na hospitali yenye daktari wa macho ilikuwa safari ya siku mbili. Jicho lile lilipotea. Sijaacha kumfikiria mzee yule.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 1 wana tatizo la kuona ambalo lingeweza kuzuiwa au bado halijatibiwa, wengi wao wakihitaji miwani au upasuaji huu tu. Mzigo huo hauishi kwa ziara za wiki moja. India, hospitali ya Aravind ilianza mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11, ikawafundisha wasichana wa vijijini kazi za macho. Nepal, daktari wa macho Sanduk Ruit na wenzake wa taasisi ya macho ya Tilganga wanatengeneza wenyewe lenzi za kuwekwa ndani ya jicho na kuwafundisha madaktari wa nchi nyingine. Mgeni anayekwenda kufundisha namna hiyo, namvulia kofia.

Na presha ya macho je? Mgonjwa wake kwa kawaida huhitaji matone kila siku, maisha yote. Chupa moja ya msaada huisha baada ya mwezi hivi.

Nawaomba wanaochangia safari hizi waulize, kabla ya kutoa fedha, ni nani atakayewapima waliopasuliwa wiki ya kwanza na wiki ya sita. Mimi nimekwisha kuwaambia wenzangu: safari ijayo sitoki mpaka nizungumze na mtu huyo kwa simu.

Muuguzi wa macho