Wale si mukene, ni vifaranga wa mkizi

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita mlitoa picha ya visamaki vyeupe juu ya kiganja, na chini yake mkaandika kuwa ni mukene (dagaa wa Ziwa Victoria, Wakenya humwita omena) waliovuliwa kwenye mlango wa mto, pwani ya Kenya. Mimi nanunua mukene kila alfajiri hapa Masese, Jinja, Uganda, na kabla ya hapo nilikaa Kilifi miaka 3 nikihudumia vidimbwi vya kufugia mkizi na mwatiko, samaki wa pwani. Picha ile imeniuma.

Mukene ni samaki wa maji baridi, habari za bahari hazijui. Mtazameni mgongoni: ana pezi moja tu, tena limekaa nyuma. Yule wa pichani anayo mawili yaliyoachana, na la mbele lina miiba 4. Huyo ni mkizi mchanga.

Najua anavyochanganya. Akianguliwa ana milimita 2 na nusu hivi, mdomo bado umefumba, tumboni kabeba kiini cha yai chenye tone moja la mafuta. Mapezi hana, ila utando mwembamba unaomzunguka. Mapezi huja baadaye, kidogo kidogo, na hata yakishatimia bado yanabadilika. Kule Kilifi niliwahi kuwatenga vifaranga beseni zima. Niliwaangalia kwa lenzi, pezi la chini karibu na mkia, nikahesabu miiba 2. Mkizi mkubwa ana 3, basi nikasema hawa ni samaki wengine. Nikawalisha mbali na wenzao wiki kadhaa. Walipokaribia sentimita 4 nikamshika mmoja, nikapitisha ukucha: ule uzi wa tatu wa pezi hilo, ambao sikuuhesabu kwa kuwa ulikuwa laini, ulikuwa umekakamaa kuwa mwiba na kunichoma. Walikuwa mkizi siku zote.

Kwa nini nawaandikia? Mukene wa urefu wa kidole ni mtu mzima, tunamwanika na kumla. Mkizi wa urefu huo ni mtoto. Akiachwa hupita nusu mita. Wafugaji wa pwani huwakusanya hao hao kwenye maji ya mikoko, ndiyo mbegu ya vidimbwi vyao. Mkiwaita mukene, msomaji ataona ni halali kuwazoa kwa chandarua.

Naomba mrekebishe maelezo yale, na picha muichapishe kubwa zaidi, mapezi yale mawili yaonekane.

Mnunuzi wa mukene,
Masese, Jinja