Barua kwa Mwalimu anayetaka kuacha chaki ashike kamera

Moshi,
Septemba.

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya mlima. Sisi wazima, ile baridi ya mwezi wa saba imeondoka na vumbi limepokea zamu. Shemeji na watoto hawajambo? Mwambie shemeji asali yake ilinoga, na debe lake nimelihifadhi, asidhani nimeliuza.

Nimeisoma barua yako. Unasema Desemba unaandika barua ya kuacha kazi, unachukua akiba yako ya ushirika, unanunua lenzi na kwenda Iceland kupiga milima na barafu, halafu ukirudi uwe mpigapicha wa mandhari. Na umeniomba nikujibu kama ndugu. Haya. Kama ndugu nakwambia: kuacha kazi, bado. Na Iceland, ya nini, mtu unayekaa Lushoto?

Umenitajia Sebastião Salgado, yule mpigapicha Mbrazili aliyefariki mwaka 2025. Ni kweli alikuwa mchumi, akifanya kazi London kwenye shirika la kahawa la kimataifa, safari za kikazi zikamleta Afrika, akaazima kamera ya mkewe, na mwaka 1973 akaacha mshahara. Hadithi tamu, na wewe umeishia hapohapo. Soma mbele. Baada ya hapo aliishi kwa picha za habari: vita, njaa, wachimba madini, wakimbizi, chini ya mashirika ya picha ya Paris. Ile kazi yake kubwa ya milima, jangwa na barafu aliianza mwaka 2004, naye alizaliwa 1944. Piga hesabu mwenyewe. Mandhari ilimjia akiwa na miaka sitini, na jina lilikuwa limeshajengwa kwa kazi nyingine.

Wa kwetu naye je? Mpigapicha Mohamed Amin alifungua kampuni yake ya Camerapix palepale Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa kijana mdogo. Leo watu wanamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia ya 1984. Vile vitabu vikubwa vya picha za nchi zetu, vinavyokaa kwenye meza za hoteli, vilitoka kwa mtu ambaye chakula chake kililetwa na habari. Mimi siko hata kwenye kivuli cha hao wawili, lakini mpango ni uleule: Jumamosi napiga harusi, katikati ya wiki napiga vyumba vya kambi za watalii, vitanda vimetandikwa na glasi ya juisi imewekwa pembeni, na msimu wa wageni nawapeleka wenye kamera kubwa kuliko yangu wakapige machweo. Picha ya mlima ninayoipenda mwenyewe huuzwa kwa nadra. Ikiuzwa, ananunua mwenye hoteli anayetaka kitu cha kutundika mapokezi, na swali lake la kwanza ni kama rangi zitaendana na makochi.

Sasa tuje kwenye ufundi, maana huko ndiko una mtaji ambao hujauona.

Video unazoangalia zimetengenezwa na watu wa kaskazini. Kwao jua linashuka kwa mshazari, na mwanga ule mwekundu unajikokota saa nzima na zaidi. Kiangazi huko Iceland ndiyo usiseme. Kwetu jua linatumbukia. Wewe ndiye mwalimu wa fizikia: dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na hapa jirani na ikweta jua linashuka karibu wima. Kutoka nyuzi sita juu ya upeo wa macho mpaka lizame ni kama dakika 25 tu. Ndani ya dakika hizo huna muda wa kutafuta jiwe la kuweka mbele ya picha, wala kubishana na tripodi. Ukifika mahali saa kumi na mbili kasoro ndipo uanze kuangalia huku na huku, umeshachelewa. Inabidi jiwe uwe umelichagua wiki iliyopita, ujue miguu ya tripodi inakaa wapi, ujue na mti upi utaingia kwenye fremu usipochuchumaa.

Ndiyo maana nakwambia mandhari ya kwetu ni kazi ya mwenyeji. Chukua Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro. Mgeni ana siku mbili Moshi, anaamka saa mbili, anapata chai, anatoka na kamera yake saa nne, mlima haupo. Jua limeshapasha miteremko, hewa yenye unyevu imepanda kutoka msituni na mawingu yamefunga. Sisi tunajua Kibo ni wa alfajiri, na mara nyingine anajionyesha tena jioni. Tunajua mwezi kama huu, hata akijitokeza, kati yako na yeye kuna vumbi na moshi wa mashamba, picha inatoka kama imefunikwa chandarua. Mvua za vuli zikishaosha hewa, Januari na Februari, unaweza kuhesabu mikunjo ya barafu iliyobaki ukiwa umesimama barabarani. Iliyobaki, nasema, maana inapungua kila mwaka, na hiyo peke yake ni sababu ya kuipiga picha mara kwa mara kutoka mahali palepale.

Sikiliza na hii, itakufaa darasani. Kulikuwa na Mmarekani, Galen Rowell, mpanda milima wa California, mwenye gereji ya magari. Mwaka 1972 akaiuza gereji akaingia kwenye picha moja kwa moja. Kabla ya hapo alikuwa amekwea majabali ya Sierra Nevada tangu utotoni, yaani aliacha gereji akiwa na mahali anapopajua kama kiganja chake. Mwaka 1981 yuko Lhasa, Tibet, upinde wa mvua ukatokea pembeni kabisa ya jumba la Potala. Wenzake wakabaki wanautazama. Yeye akatimua mbio, kwa sababu alijua unachokifundisha darasani: upinde hauna makao, unategemea jua liko wapi na macho yako yako wapi. Duara lake liko nyuzi 42 kutoka upande ulio kinyume na jua, na wewe ukisogea nao unasogea. Akakimbia mpaka akaona mguu wa upinde umetua juu ya paa la jumba. Watu wengi wakaisifu ile picha kwa bahati. Bahati ilikuwa mvua tu. Iliyobaki ilikuwa fizikia na mapafu.

Wewe hiyo fizikia unayo. Mapafu pia unayo, unapanda Magamba kila wiki.

Ya mlimani nitakueleza kwa kifupi kwa sababu najua utaniuliza. Juu ya kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kinachoshindwa kwanza ni betri. Baridi inazifanya zionekane zimekufa kumbe hazijafa. Zilaze ndani ya begi la kulalia, na safari ya usiku kuelekea kileleni ziwe mfuko wa ndani, karibu na ngozi. Theluji nayo inaidanganya kamera: inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inakupa theluji ya kijivu. Ongeza mwanga kwa mkono wako. Kuna suala la mzigo pia, na hapa nina ugomvi na wenzangu. Mpagazi ana kikomo chake, kilo 20, na kamera yako haimpi mtu ruhusa ya kumwongezea lenzi tatu na tripodi kwa siri kwenye gunia. Beba mwenyewe au lipia mpagazi mwingine. Picha ngapi za kilele cha Uhuru zimetundikwa ukutani bila mtu kuuliza nani aliyebeba vyombo?

Ila mahali palipoufundisha mkono wangu ni Engare Sero, kule Ziwa Natron. Mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai unaukwea usiku, karibu saa sita, kwa sababu mchana mteremko ule hauna kivuli hata cha kuficha chupa ya maji. Majivu yanaingia mdomoni, yana ladha kama magadi. Kukicha ukiwa juu, wote wanalitazama jua. Wewe geuka. Kivuli cha mlima kinakuwa kimelala magharibi juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, pembetatu iliyochongwa kama kwa rula, na jinsi jua linavyopanda ndivyo ncha inavyorudi kwako. Kinadumu muda mfupi mno. Lava ya mlima huu nayo ni ya ajabu: inatoka nyeusi na nyepesi kama oili chafu, joto lake ni kama nusu ya lava za kawaida, kisha ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Mtu aliyeona picha za zamani anadhani ni theluji.

Bado uko Engare Sero, kuna nyayo za watu wa kale kwenye majivu yaliyogeuka mwamba, zaidi ya 400. Ukienda saa saba mchana utaona uwanja wa kijivu, utasema umetapeliwa. Rudi saa kumi na moja, jua likiwa limelala ubavu: kila unyayo unajaa kivuli, unaona kisigino, unaona vidole vinavyokanyaga kwa nguvu kama mtu aliyekuwa anaharakisha. Ardhi ni ileile. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini nakusumbua na habari za saa badala ya habari za lenzi.

Ziwa lenyewe lina somo lingine. Unakumbuka zile picha zilizosambaa za ndege na popo waliogeuka mawe, watu wakaandika kwamba ukigusa maji ya Natron unakauka hapohapo? Nick Brandt, aliyezipiga, aliwaokota wakiwa wameshakufa na kukaushwa na chumvi ufukweni, akawapanga kwenye matawi kama walio hai. Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba aliwapanga. Waliosambaza ndio waliotunga uongo, na mpaka leo wageni wananiuliza kama flamingo wanakufa wakitua. Kumbe hapo ndipo flamingo wa ile aina ndogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanapozalia! Kwa hiyo mimi maelezo ya picha nayaandika kwa makini kuliko ninavyosafisha lenzi. Kama nimebadilisha anga kwenye kompyuta, nasema. Kwa kweli sibadilishi, lakini ningebadilisha ningesema.

Kuhusu pesa, jambo moja tu, mengine tutaongea. Usiuze picha, kodisha. Hoteli moja huku iliniomba picha ya kuweka kwenye tovuti, nikalipwa, tukapeana mikono. Mwaka uliofuata nikaikuta kwenye kalenda, kwenye kadi za Krismasi na ubavuni mwa gari. Walinijibu kwamba walishainunua. Tangu hapo kila karatasi yangu inasema matumizi gani, muda gani, nchi gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko upande wako, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, ila sheria haiwezi kukusaidia kudai kitu ambacho hukukiandika. Na droni usiirushe hifadhini bila kibali, hata kama mlinzi ni shemeji yako.

Sasa agizo langu. Kuanzia Jumamosi hii nenda Irente. Pale mwambani unapoiangalia nyika ya Umasai, mita kama elfu moja chini yako, na Mazinde na mashamba ya mkonge. Chagua jiwe moja. Lenzi ileile uliyonayo. Nenda jioni, nenda alfajiri ukungu ukiwa bado chini, nenda baada ya mvua, nenda siku usiyotaka kwenda. Mpaka mwezi wa kwanza uwe unaweza kuniambia bila kuangalia simu mwanga unagusa ukingo upi kwanza. Likizo tukutane Mtae, hewa ikiwa safi Kibo unamwona kutoka kule, na nikikuona unajua pa kusimama nitakuunganisha na mwenye kambi mmoja anayetafuta mtu wa Usambara. Kazi ya siku chache, unalipwa, na shule inaendelea. Ukipata tatu za namna hiyo ndani ya mwaka, ndipo tuzungumze habari ya barua ya kuacha kazi.

Usinitumie zile unazoona nzuri. Nitumie zote, na mbaya.

Wasalimie wote, na mzee pale nyumbani mpe shikamoo yangu.

Ni mimi,
Eliya.

N.B. Tripodi yangu ya zamani nimempa kondakta wa basi linaloshuka Tanga kesho, ataishusha Mombo kwenye duka la vifaa vya baiskeli jirani na njia panda ya Lushoto. Mguu mmoja unateleza. Kaza skrubu yake kwa sarafu ya shilingi mia, bisibisi haiingii. Na usimlipe kondakta, nimeshamalizana naye.