Shangazi, wifi yangu ameiosha Bikira Maria kwa jiki

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku. Sanamu iko mezani mbele yangu, na nikiitikisa nasikia maji yanacheza ndani. Maji, Shangazi, ndani ya kaure! Kitakoni kuna kitundu cha ukubwa wa punje ya choroko ambacho mafundi huacha ili hewa moto ipate pa kutokea wakati wa kuchoma. Sanamu yenye kitundu haitumbukizwi kwenye beseni. Wifi kaitumbukiza kwenye beseni, tena la jiki.

Hizi unazijua. Mama wa Lurdi, sentimita 32, kaure ya biskwi, ile isiyong'aa, ukiipapasa ni kama ganda la yai. Ukanda wa buluu, waridi la dhahabu kwenye kila mguu, rozari mkononi. Mgongoni kuna namba tu zilizogandamizwa udongo ukiwa mbichi, hakuna "France" wala "Germany". Mume wangu ameutangazia ukoo mzima kuwa ina miaka mia tatu. Itakuwaje? Bernadette, yule msichana wa Lurdi kule Ufaransa, alitokewa na Bikira Maria mwaka 1858, na pozi hilo la mikono iliyokutanishwa na macho juu linafuata sanamu ya mchongaji Fabisch iliyowekwa kwenye pango la Lurdi mwaka 1864. Kukosa jina la nchi huenda ni dalili ya kabla ya 1891, Marekani walipoanza kudai bidhaa za nje ziandikwe zitokako, ila hata hilo si ushahidi, maana zilizouzwa hukohuko Ulaya hazikulazimika. Nayasema haya usije ukadhani nagombania thamani. Sigombanii thamani.

Kinachoniuma ni dhahabu. Dhahabu hupakwa mwisho kabisa, ikachomwa kwa moto mdogo, nyuzi 700 hadi 800 hivi, wakati kaure yenyewe imekula zaidi ya 1,200. Kwa hiyo haizami, inakaa juujuu kama utando wa maziwa. Vumbi lake ni brashi laini, kavu. Pakiwa na masizi ya mshumaa, kijiti cha pamba, maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kipande kidogo kidogo huku unakausha. Wifi katumia stilwaya. Waridi la kulia limebaki jeupe pee! Alipoona kaharibu, akalipaka rangi ya dhahabu ya kopo, ile ya mageti. Ule ni unga wa shaba, hauchukui muda utageuka kahawia, halafu kijani.

Na mikono. Imekatikia kwenye vifundo mlemle beseni, kaibandika kwa supaglu bila kuniambia neno. Imekaa kombo, vidole vinaelekea begani, na pembeni pameota ukungu mweupe wa gundi. Si kwamba sijui dawa yake. Ni asetoni safi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye mafuta: unazungushia pamba iliyolowa, unafunika kwa nailoni isikauke, unasubiri saa kadhaa iachie yenyewe. Ukivuta, unabeba na kipande cha kaure. Kisha unasafisha kingo na kuunga kwa Paraloid B-72, gundi ya wakarabati wa vitu vya kale, ambayo siku ukikosea inayeyuka tena, si araldaiti inayogeuka manjano. Lakini kwanza unajaribu mahali pasipoonekana, kwa sababu rangi iliyochomwa haiogopi asetoni, iliyopakwa bila moto inaondoka nayo. Nimejaribu nyuma ya ukanda. Kijiti kimetoka na buluu. Na asetoni ikitiririka kutoka mikononi inashukia kwenye ukanda huohuo. Labda niilaze chali? Sithubutu.

Wifi anasema ni udongo tu, tutanunua nyingine ya plasta. Angeniomba, Shangazi. Angeniomba tu, ningemwoshea mwenyewe, jumuiya isali mbele yake wiki nzima wakitaka. Mimi si mchoyo. Ingawa kusema kweli nisingempa.

Maana mama mkwe alinipa mimi. Alinikabidhi mkononi, wifi akiwa amekaa palepale kitandani, akaniambia, "Nitunzie hii." Sasa wifi anadai kutunziwa si kupewa, kwamba mwenye mali alikufa na mali imerudi kwa watoto wake. Wewe ulivyo mtu mzima, mtu anayeaga akikwambia "nitunzie," anamaanisha nini?

Siiuzi. Imebarikiwa, na baraka haiuzwi. Ila kuna mnunuzi wa vitu vya kale alishawahi kuiulizia, nao wana ile taa ya zambarau inayoonyesha penye gundi. Akiiona supaglu atashusha nusu, au zaidi? Nauliza tu.

Maji nayanyonya kwa bomba la sindano, naingiza safi, nanyonya tena, hii ya nne. Nikiacha yakauke humo, chumvi ya jiki itabaki kwenye nyufa na kuzipanua. Bado yananukia.

Mke wa kaka yake,
Kilema, Kilimanjaro