Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Sikupiga Makofi

Mwanangu,

Picha uliyonitumia juzi nimeitazama hadi macho yameniuma. Ndiyo, yule aliyekaa kiti cha pili kutoka mwisho, mikono mapajani, ni mimi. Umeniuliza, "Mama, mbona wote wamesimama wanashangilia na wewe umekaa kama uko msibani?" Nilikujibu kwa kikatuni cha kucheka kwa kuwa nilikuwa njiani, lakini swali lako halikunitoka. Na sasa kwa vile mwezi ujao nawe unaingia kwenye kikosi cha kuandaa setilaiti, naona unanidai jibu refu kidogo.

Usiku ule wa picha tulikuwa Kourou, Guyana ya Ufaransa, huko Amerika Kusini, kurusha setilaiti yetu. Wewe ulikuwa na miaka sita, uko kwa bibi yako, na ulikuwa umegoma kuongea nami kwenye simu. Nilikuahidi ningerudi Jumapili, na Jumapili zilishapita mbili. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Ila kosa halikuwa langu wala la roketi. Lilikuwa la jirani.

Roketi yetu, Ariane 5 ya Ulaya, ilikuwa ya mizigo mizito, yenye uwezo wa kupeleka zaidi ya tani 10 kwenye njia ya kuelekea obiti ya juu, yaani njia ya mbali ya kuizunguka Dunia, na kwa kawaida ilibeba setilaiti mbili za mawasiliano kwa mpigo. Wateja wawili ambao pengine hawajawahi hata kusalimiana wanagawana nauli. Setilaiti ya juu inakalia kitu mfano wa pipa kubwa, na ya chini inafunikwa ndani ya pipa hilo kama kifaranga chini ya tenga. Sisi tulikuwa wa chini. Jirani yetu wa juu akapata hitilafu ya kifaa kimoja, ikabidi kifunguliwe na kupimwa upya, nasi tuliokuwa tayari tukawa hatuna la kufanya ila kungoja. Safari ya wawili haiondoki na mmoja. Nilijaribu kukueleza hayo kwa simu, ukampa bibi.

Utauliza kwa nini watu waende kurushia huko, katikati ya msitu, ambako setilaiti inafikishwa kwa ndege kubwa ya Antonov ndani ya kontena kama maiti ya mfalme. Sababu ni ikweta. Kourou iko nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta, na hapo uso wa Dunia unakimbia kuelekea mashariki kwa zaidi ya mita 460 kila sekunde. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki juu ya bahari inaondoka tayari imesukumwa bure. Isitoshe, huko juu setilaiti yetu inatakiwa ikae sawasawa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, mahali ambapo mzunguko mmoja unachukua saa 23 na dakika 56, sawa na Dunia yenyewe. Ndiyo maana mtu anaelekeza dishi lake mara moja na kulisahau. Ukirushwa kutoka mbali na ikweta, unalazimika kuchoma mafuta ili kunyoosha njia, na mafuta ya setilaiti ndiyo umri wake.

Lakini nisikufundishe ya darasani, hayo unayajua kunishinda. Nikuambie habari ya tepe nyekundu.

Setilaiti ikiwa bado chini, kila sehemu yake nyeti huvishwa kifuniko: macho ya vitambuzi vya nyota, ambavyo huitazama mbingu ili setilaiti ijue imeelekea wapi, midomo ya injini ndogo, plagi za umeme. Kila kifuniko kina utepe mwekundu wenye maandishi ya kuamuru kiondolewe kabla ya kuruka. Kitambaa tu, urefu wa kiganja. Ukikisahau kimoja kwenye mdomo wa injini, injini hiyo itakohoa mara moja na hutaisikia tena.

Siku ya mwisho kabla ya kufunikwa na lile pipa, kazi yangu ilikuwa kuvivua na kuvihesabu. Vilikuwa 64. Mwenzangu anasoma namba kwenye karatasi, mimi navua, naitamka ile namba, naweka sandukuni, yeye anatia alama. Kazi ya mtoto, ungesema. Tulimaliza saa tatu usiku. Karatasi ina alama 64. Sanduku lina vifuniko 63.

Kimya cha chumba kile utakijua karibuni. Ni hewa tu inayochujwa, na pumzi yako mwenyewe ndani ya barakoa. Hakuna aliyepandisha sauti. Msimamizi alitazama karatasi, akatazama sanduku, akasema neno moja: "Tena." Winchi iliyokuwa ishushe pipa ikasimamishwa. Tukahesabu tena, tukapekua sakafu, tukapekua glavu za watu. Mavazi yetu hayakuwa na mifuko, kwa hiyo hapakuwa na mfuko wa kushuku. Kisha tukaimulika setilaiti kwa tochi ndogo na kioo cha mpini mrefu, kama daktari anayetafuta jino bovu, upande baada ya upande, huku nimelala kifudifudi kwenye jukwaa na mtu amenishika miguu.

Saa nane usiku tukakipata. Hakikuwa kwenye setilaiti kabisa. Asubuhi ile nilikuwa nimekivua mwenyewe kupisha kipimo cha umeme, nikakitupia kwenye sanduku la vifaa vya kipimo. Jioni tulipofika kwenye namba hiyo, niliitamka kwa mazoea. Mkono wangu haukushika kitu. Namba 41. Mpaka leo sipendi kuiona hata kwenye tiketi.

Hakuna kilichoharibika. Setilaiti ilikuwa wazi pale ilipotakiwa kuwa wazi, tulithibitisha kwa macho sita, fomu ikasainiwa, pipa likashuka. Wenzangu wakaenda kulala wakicheka. Mimi nikabaki na hesabu yangu: ikiwa namba moja niliitamka bila kuishika, nyingine je? Tumezikagua zote, ndiyo. Nimeziona kwa macho yangu, ndiyo. Lakini macho yale yale ndiyo yaliyoiona namba 41.

Sasa usiku wa kurusha. Wengine walitoka nje barazani kuona moto. Mimi nilibaki ukumbini mbele ya skrini. Hesabu ya kurudi nyuma ilisomwa kwa Kifaransa, ikafika sufuri, na roketi haikuondoka. Usishtuke, ndivyo ilivyoundwa. Kwenye sufuri iliwaka injini kuu peke yake, ile ya haidrojeni na oksijeni ya kimiminika, na kwa sekunde kama saba kompyuta zikawa zinaipima pumzi. Injini hiyo ikikataa unaweza kuizima. Zile roketi mbili za pembeni, kila moja ina fueli ngumu ya tani 240 hivi, ukishaziwasha hazizimiki. Kwa hiyo sekunde saba unatazama moto na hakuna kinachosogea. Nimejifungua, nimezika, na bado nakwambia sijui sekunde ndefu kama zile.

Zikawaka. Tani kama 780 zikanyanyuka. Picha kwenye skrini ilishakuwa nukta wakati mngurumo ulipotufikia na kutikisa kuta.

Na mimi nilikuwa nafikiria mwaka 1996. Pale pale Kourou, tarehe 4 Juni, Ariane 5 ya kwanza kabisa iligeuka upande na kusambaratika baada ya sekunde kama 37. Haikuwa injini. Kilikuwa kipande cha programu kilichorithiwa kutoka Ariane 4, ambacho baada ya kuondoka ardhini hakikuwa hata na kazi tena. Kilijaribu kutia namba kubwa kwenye nafasi ndogo ya kompyuta, ya biti 16, namba haikuenea, kompyuta ya kuongoza njia ikajifunga, na ya akiba, iliyokuwa na programu ile ile, ikajifunga pia. Wenzangu wakisimulia kisa hicho husimulia habari za biti. Mimi nasikia mtu anayetamka namba kwa mazoea.

Roketi za pembeni zikadondoka baada ya dakika mbili na kitu. Kofia ya roketi ikaachia, maana juu ya kilomita 100 hakuna tena upepo wa kuikinga mizigo dhidi yake. Karibu nusu saa toka kuondoka, jirani wa juu akaachiwa. Makofi. Pipa likatupwa. Kisha sisi. Hapo ndipo mpiga picha aliponinasa.

Kwa roketi, kazi ilikuwa imekwisha, na walikuwa na haki ya kukumbatiana. Kwa setilaiti ndiyo kwanza. Roketi haikufikishi nyumbani. Inakushusha kwenye njia yenye umbo la yai, upande mmoja kilomita mia chache kutoka ardhini, upande wa pili huko juu karibu kilomita 36,000. Kutoka hapo ni injini yako mwenyewe, unaiwasha kila unapofika juu, safari kadhaa, ndipo yai linakuwa duara. Ndiyo maana karibu nusu ya uzito tuliokuwa tumeupeleka ulikuwa mafuta, na mafuta yenyewe sumu, kiasi kwamba wanaoyajaza huvaa mavazi kama ya wazamiaji, na hewa yao kwa bomba. Huko baadaye utayavaa. Jikune pua kabla.

Kuna waliokwama hapo hapo kwenye yai. Setilaiti ya AsiaSat 3, Desemba 1997, iliachwa njiani na roketi ya Kirusi, Proton, kwa hitilafu ya hatua yake ya mwisho. Kampuni za bima zikalipa zikajua imekufa, kisha mwaka 1998 watu wenye akili za kichaa wakaizungusha nyuma ya Mwezi, mara mbili, mvuto wa Mwezi ukawanyooshea njia. Nakipenda sana kisa hicho. Na kuna waliofika salama wakashindwa kufunguka: setilaiti ya kwanza ya ViaSat-3 ilipanda na roketi ya Falcon Heavy mwisho wa Aprili 2023, roketi ikafanya kazi yake bila doa, halafu dishi kubwa la setilaiti likagoma kufunguka inavyotakiwa. Mtambo mpya, mzima, uko juu, na sehemu kubwa ya uwezo wake imepotea kwa kitu ambacho fundi mwenye ngazi angekigonga kwa kiganja.

Ngazi ya kufika huko ndiyo haipo. Karibu haipo, niseme, maana Februari 2020 chombo kiitwacho MEV-1 kilikwenda kuishika setilaiti ya Intelsat 901 iliyokuwa inaishiwa mafuta, kikawa kinaisukuma kama mtu anayemshika mzee mkono. Nilipoona picha zile nililia, na ninyi mkanicheka. Lakini hata MEV-1 haibandui utepe mwekundu.

Basi ndiyo nilikuwa naviwaza vifuniko, kimoja kimoja, kwa mpangilio wa karatasi. Watu wanashangilia, mimi niko namba 17. Ishara ya kwanza ilipopokelewa na kituo cha ardhini, mtu mwenye vipokea sauti akainua kidole gumba, makofi tena, mimi niko namba 38. Iko hai, nikajisemea, lakini kuwa hai siyo kuona. Vitambuzi vya nyota vilikuwa namba 40 hadi 43.

Usiku ule nilipiga simu kwa bibi. Akasema umelala. Nikasikia sauti yako nyuma ikisema, "Mwambie nimelala."

Nilirudi nyumbani siku ya tatu, kama unavyokumbuka, na ulinisamehe kwa masharti. Injini zikawashwa, zote, hakuna iliyokohoa. Nilikuwa nikisoma ripoti kila asubuhi kabla sijakuamsha kwenda shule. Siku ya tisa nilikuwa kazini, kwenye korido ya ghorofa ya pili, nimebeba chai, ujumbe ukaingia: vitambuzi vyote vya nyota vinasoma, paneli za sola zimefunguka, antena zote mbili zimefunguka na kujifunga mahali pake.

Nikaweka kikombe sakafuni. Nikapiga makofi. Peke yangu, kwa nguvu, mpaka viganja vikawaka. Mama aliyekuwa akipiga deki kule mwisho wa korido akaacha ufagio wake, akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Nikamwambia nimeshinda.

Mama yako