Risala ya Klabu ya Hisabati na Uraia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kwetu. Barabara umejionea mwenyewe.

Klabu ilianza mwaka 2019 na wanachama 6. Leo tuko 41. Miongoni mwa mafanikio lukuki, tulishika nafasi ya pili katika mdahalo wa kata. Shule zilizofika zilikuwa mbili, lakini nafasi ni nafasi. Mada ilikuwa usawa, na ndiyo tuliyonayo leo.

Mheshimiwa, mwaka 1557 mwanahisabati Robert Recorde, mzaliwa wa Wales, alichoka kurudia maneno "ni sawa na", akachora vistari viwili sambamba (=), akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 12, inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki ya kale aligawa usawa mara mbili: wa kihesabu, kila mtu kiasi kilekile, na wa uwiano, kila mtu kwa kadiri anavyostahili. Sisi hatujafika kwenye kustahili. Huo wa kihesabu tu ungetutosha.

Mtihani wa taifa tunaofanya ni uleule wa shule zote, kwa saa zilezile. Ila mwalimu wa hisabati tunaye mmoja kwa mikondo minane, na fizikia ni yake pia. Akiwa Kidato cha Kwanza, wale wa Kidato cha Pili tunawafundisha sisi chini ya mwembe, kwa kitabu kimoja cha majedwali kilichochanika kwenye kurasa za logi (logarithimu). Wakifika logi za 7, ukurasa haupo, wanarukia 8.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunamheshimu sana, aliahidi mwalimu mmoja. Wa mwaka jana, naye tunamheshimu, akaahidi wawili, tukampigia makofi mpaka viganja vikauma. Upande wa ahadi tunapata watatu. Upande wa waliofika, sifuri. Alama ya Recorde haikai katikati ya namba hizo.

Mheshimiwa, usituahidi wanne. Tuletee mmoja, kabla Januari haijaisha.

Kitabu cha wageni kiko mbele yako. Tumekifungua ukurasa wa mwaka jana, ili usipate taabu ya kutafuta.

Tunaomba kuwasilisha.