Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu, Tabora

Ndugu wajumbe wa mkutano mkuu, wazazi na walezi wenzangu mliotoka Manispaa, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Nzega na Igunga, nawashukuru kwa kufika.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na mahudhurio ya vikao yamo katika kumbukumbu za katibu, sitayarudia. Sehemu kubwa ya taarifa hii nimeitenga kwa neno moja lililotugawa mwaka mzima, yaani majaribio ya dawa za selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu walio nao watoto wetu. Katika kikao cha robo ya tatu baadhi yetu walisimama na kusema kwamba watoto wao si panya wa maabara. Sikuwalaumu, kwa kuwa miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilimchukua binti yangu nikaondoka naye kliniki, baada ya kupewa fomu ya ridhaa yenye kurasa nyingi za Kiingereza na mtu asiyekuwa na nafasi ya kunieleza. Hata leo siwezi kuwaambia utafiti ule ulihusu nini.

Hata hivyo, kila kidonge tunachowapa watoto wetu kilipitia kwanza kwa watoto wa wenzetu. Tuanze na penisilini ya asubuhi na jioni. Mwaka 1986 watafiti nchini Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la watoto 215 wenye selimundu, waliokuwa na umri wa kati ya miezi 3 na miaka 3, ambao nusu yao walipewa penisilini na nusu nyingine kidonge kisicho na dawa. Maambukizi makali ya bakteria wa nimonia yalipungua kwa asilimia 84 kwa waliopata dawa, na tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa miezi 8 kabla ya muda wake ili wote wapewe. Mtu anaweza kuuliza, na mama mmoja wa Urambo aliniuliza, kwa nini nusu ile ilinyimwa. Jibu ni kwamba kabla ya jaribio hakuna aliyejua kwa hakika kama dawa hiyo, ikitolewa kila siku kwa miaka, ingewasaidia au ingewadhuru.

Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza maumivu makali ya selimundu, inatuhusu kwa karibu zaidi. Ilithibitishwa kuwa inasaidia watu wazima Marekani mwaka 1995, lakini huku kwetu madaktari wengi walisita, na walikuwa na sababu: dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, na katika nchi za malaria ilihofiwa kwamba mtoto angebaki bila kinga. Hofu hiyo isingeweza kuondolewa na utafiti wa Ulaya, ambako mbu wa malaria si tishio. Ilibidi uchunguzi ufanyike Afrika. Katika utafiti wa REACH, watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, wenye umri wa mwaka 1 hadi 10, walianzishiwa dawa, na hali yao ikalinganishwa na ilivyokuwa kabla ya kuianza. Matokeo yaliyotolewa Desemba 2018 yalionyesha kwamba maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria, ile iliyohofiwa, nayo ilipungua kwa takriban nusu. Jirani zetu wa Mwanza, pale hospitali ya Bugando, nao wameifanyia utafiti dawa hii katika kuzuia kiharusi kwa watoto.

Sitaki mwondoke mkidhani kwamba kila jaribio huleta habari njema. Dawa iitwayo voxelotor iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa kuwa ilipandisha kiwango cha damu. Septemba 2024 watengenezaji waliiondoa sokoni duniani kote, baada ya takwimu za tafiti zilizoendelea kuzua wasiwasi juu ya vifo na maumivu makali. Kwangu mimi huo nao ni ushahidi kwamba kuchunguza hakupaswi kukoma siku dawa inapopata kibali.

Hapa nchini, jaribio la dawa halianzi bila kibali cha maadili cha kitaifa kinachotolewa kupitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wala bila idhini ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mzazi ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili, kuondoa ridhaa siku yoyote, na mtoto wake aendelee kupata matibabu ya kawaida. NIMR ina kituo hapa Tabora, kinachojulikana zaidi kwa utafiti wa malale, kwa hiyo hatuna haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam kuuliza maswali.

Lipo jambo ambalo utafiti haujatutatulia. Mtoto anayetumia haidroksiyurea anahitaji kupimwa wingi wa damu mara kwa mara, na mzazi wa Kaliua hulipa nauli, hupoteza siku ya shamba, na pengine hukuta dawa imeisha.

Kamati ya utendaji inaleta mapendekezo mawili ili myapigie kura leo: tumwalike mtafiti katika kikao kijacho, ajibu maswali ya wazazi kwa Kiswahili; na tuunde kamati ndogo ya wazazi watatu itakayosoma fomu yoyote ya ridhaa pamoja na mwanachama kabla hajatia saini. Nimeomba nisiwe mmoja wa hao watatu.

Naomba kuwasilisha.