Barua kwa Mama Salma: shule mpya ya watoto

Dar es Salaam,
12 Mei.

Kwako Mama Salma,

Salamu nyingi kutoka huku Dar. Sisi hatujambo, hofu ni kwenu huko Tanga. Ama baada ya salamu, umeuliza hii shule ya kimataifa walikoingia watoto ikoje, maana na wewe unafikiria kumleta Salma mwezi wa nane. Nitakuambia ninavyoiona, ila bwawa la kuogelea na viyoyozi naviruka. Hivyo utaonyeshwa tu, hata usipouliza.

Kinachomshtua kwanza mzazi aliyezoea shule zetu ni ripoti. Haina nafasi. Hutaona "wa tatu kati ya arobaini na watano". Kila somo lina maneno tu: bado anajifunza, amefikia kiwango, amevuka kiwango. Chini yake mwalimu anaandika aya moja, mara nyingi tamu. Wazazi wengi wanaisoma ile aya wakalala usingizi, kumbe mtoto yuko nyuma mwaka mzima. Wewe muulize mwalimu: kwa umri wake anatakiwa awe anaandika nini, na yeye anaandika nini? Aweke daftari la Salma mezani na pembeni yake mfano wa kazi iliyofikia kiwango. Akishindwa kukuonyesha, hapo pana jambo.

Halafu darasa. Shule zinazofuata mtaala wa Uingereza zinahesabu kwa miaka, na mwaka wa kwanza ni wa mtoto aliyetimiza mitano. Zile za Kimarekani zinasema gredi, na gredi iko nyuma ya mwaka kwa moja, kwa hiyo mwaka wa 6 ni sawa na gredi ya 5. Kinachoamua ni umri alio nao mtoto ifikapo tarehe 31 Agosti. Salma anatimiza kumi mwezi wa sita, basi ataingizwa mwaka wa 6 ingawa kwenu bado yuko la nne. Angezaliwa Oktoba angeingia mwaka wa 5. Usifurahi kwamba amerushwa madarasa, maana hajarushwa, ni hesabu tu. Ila kumbuka kwamba mwaka wa 6 ndio wa mwisho wa msingi. Atapata miezi kumi tu ya kuzoea kabla ya sekondari. Kama Kiingereza chake ni cha kujikongoja, omba kwa maandishi aanzie mwaka wa 5, na uombe kabla ya kusaini, kwa sababu akishapangwa hawapendi kumrudisha.

Na kwa kuwa mwaka wao unaanza Agosti, Salma ataondoka kabla ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Akifika mbele bila mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, hatapangiwa kidato cha kwanza cha serikali. Mjue hilo wewe na baba yake kabla, isije kazi ikayumba mkataka kumrudisha.

Kuna mtihani wa kuingia. Shule nyingi hutumia CAT4, unafanywa kwenye kompyuta na una sehemu nne: maneno, namba, maumbo, na kugeuza vitu kichwani. Wastani ni 100. Omba uone namba zote nne, usikubali jumla peke yake. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili anaweza kupata 84 kwenye maneno na 112 kwenye maumbo. Tofauti kubwa namna hiyo inaonyesha kwamba lugha ndiyo iliyombana, akili anayo. Watampa masomo ya ziada ya Kiingereza. Uliza kama yanalipiwa, na kubwa zaidi, uliza wanamtoa kwenye kipindi gani. Wakimtoa kwenye hesabu, kataa. Wamtoe kwenye Kifaransa. Kiingereza cha uwanjani atakipata ndani ya mwaka mmoja au miwili, cha vitabuni huchukua mitano hadi saba, kwa hiyo akikuongelea kama Mzungu mezani usidhani kazi imekwisha.

Kazi za nyumbani ni chache hadi utadhani walimu wamelala. Iliyo muhimu ni begi la kusomea. Ndani kuna kitabu chembamba chenye alama ya rangi ya ngazi yake, na kijidaftari cha mzazi. Kila jioni mtoto anasoma kwa sauti dakika kumi au kumi na tano, wewe unaandika ukurasa alioishia na neno lililomshinda, unasaini. Mpime hivi: afungue ukurasa wowote, na kila neno linalomkwamisha akunje kidole. Vikikunjwa vitano kabla ukurasa haujaisha, kitabu ni kigumu, kirudishwe. Wazazi wanaharibu hapa kwa kudai rangi ya juu kwa sababu mtoto wa jirani anayo. Mtoto anakariri picha, anasoma kama kasuku, na kufika Januari hawezi kueleza alichosoma.

Sasa pesa. Ile ada wanayotangaza ni ya kufundisha tu. Juu yake weka ada ya maombi ambayo hairudi, amana, mchango wa maendeleo ya shule (uliza kama ni mara moja au kila mwaka), basi, chakula, sare, safari, kompyuta mpakato akifika sekondari, na ada za mitihani akifika IGCSE, ile mitihani ya kimataifa ya sekondari inayotungwa na Cambridge ya Uingereza. Kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ankara inakuja kwa shilingi. Lakini walimu wa kigeni bado wanafikiria kwa dola, basi uliza ada imepanda kwa asilimia ngapi ndani ya miaka mitatu iliyopita. Na amana ina mtego: kwa kawaida unatakiwa utoe taarifa ya maandishi muhula mzima kabla ya kumhamisha. Ukisema Desemba kwamba anaondoka Desemba, amana imeliwa.

Basi la shule lipande na wewe siku moja kabla ya kulipia. Vipindi vinaanza saa moja na nusu, na ukikaa mwisho wa njia mtoto anasimama barabarani kabla ya saa kumi na mbili. Waulize pia kuhusu basi la pili, la wanaobaki kwenye klabu, maana haliendi njia zote.

La mwisho ni Kiswahili. Shule hugawa makundi mawili, la wenye lugha na la wageni, na ratiba ikibana mtoto wetu anatupwa kwa wageni, anakaa muhula mzima akihesabu moja hadi kumi. Dai awe kundi la kwanza. Cambridge wana mtihani wa Kiswahili wa IGCSE, na cheti chake siku moja kitakwenda NECTA, baraza la mitihani la taifa, kulinganishwa na vyeti vya hapa, kwa hiyo somo hilo asiliache.

Ukipata karatasi ya ada nipigie picha unitumie, tuipitie mstari kwa mstari kabla hujalipa hata senti. Msalimie baba Salma na bibi.

Wasalaam,
Mama Idrisa